Vitamini D na Mapigo ya Moyo



Siku hizi vidonge vya vitamini D vyauzwa madukani, na wapo wanaovimeza kwa kudhani kuwa vitatuliza moyo unaokwenda mbio au unaoruka mapigo. Kwa kuwa jambo hili lahusu fedha zetu na uhai wetu, yafaa tulieleze.

Moyo hauwezi kupiga sawasawa bila ya kalsiamu, yaani ile chokaa ijengayo mifupa na meno. Daktari Sydney Ringer alilionyesha jambo hili mjini London mwaka 1883. Mioyo ya vyura ilipiga vyema ndani ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya bomba. Alipotumia maji yaliyosafishwa kabisa, yasiyo na chokaa, ilinyamaa. Alipotia kalsiamu kidogo, ikapiga tena.

Kazi ya vitamini D ni kuusaidia utumbo kuichukua kalsiamu iliyomo katika chakula na kuipeleka damuni. Sehemu kubwa ya vitamini hiyo mwili huitengeneza wenyewe, ngozi inapopigwa na jua. Nyingine hutoka katika samaki wenye mafuta, maini na kiini cha yai. Ikipungua sana kwa muda mrefu, watoto hupata matege, na mifupa ya watu wazima huuma na kulainika. Kalsiamu ya damu ikishuka mno, vidole na midomo hufa ganzi, misuli hukakamaa, na mtoto mchanga aweza kupatwa na degedege. Moyo nao hukawia kujitayarisha baada ya kila pigo, na hapo mapigo yaweza kuvurugika kwa hatari.

Mwenzetu achumaye na kuanika karafuu hulipata jua kila siku. Wa kuangaliwa ni wazee na wagonjwa wasiotoka nje, watoto wachanga wanaowekwa ndani, na wale wanaochambua karafuu ndani mchana kutwa. Ngozi nyeusi yahitaji jua zaidi kuliko nyeupe, na jua lipitalo kwenye kioo cha dirisha halisaidii.

Lakini kidonge si dawa ya kila moyo. Huko Marekani watu zaidi ya 25,000 waligawanywa: baadhi walipewa yuniti 2,000 za vitamini D kila siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Waliangaliwa kwa miaka mitano hivi, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Maradhi ya mapigo kwenda ovyo hayakupungua kwa waliomeza vitamini. Wengi wao hawakuwa na upungufu tangu mwanzo, na tumbo lililoshiba haliongezwi.

Kuzidisha nako ni hatari. Kalsiamu ikijaa damuni huleta kiu, kutapika na mawe ya figo, na huvuruga mapigo yale yale tuliyotaka kuyatuliza, hasa kwa atumiaye dawa ya moyo iitwayo digoksini.

Basi, ndugu, anayeona moyo wake unaruka au unakwenda mbio bila ya kazi na aende hospitali apimwe mapigo na damu. Huenda sababu ni upungufu wa damu, shinikizo la damu, au tezi la shingo. Akizimia au akiumwa kifua, asingoje kesho. Vitamini tumeze tukipimwa na kuambiwa na daktari, kwa kipimo chake. Na dawa alizotupa tusiziache.