Maporomoko Yaliyotembea

Wanangu, mgeni akifika Minneapolis na Saint Paul, miji pacha ya jimbo la Minnesota, mara nyingi hupelekwa madukani. Mimi nawapeleka mtoni. Vaeni viatu vizuri, kwa sababu leo tunafuata nyayo za maporomoko ya maji katika Mto Mississippi. Ndiyo, nyayo. Maporomoko haya yalitembea.

Tunaanzia Saint Paul, kwenye bustani ya Harriet Island. Tazameni ng'ambo, kule kwenye majabali meupe ambayo mji umekaa juu yake. Yapata miaka 12,000 iliyopita, nchi hii ilipokuwa ikitoka kwenye barafu, kaskazini kulikuwa na ziwa la barafu iliyoyeyuka, kubwa mara kadhaa kuliko Ziwa Victoria. Wanajiolojia huliita Agassiz. Maji yake yalishuka kwa mto wa kutisha, na hapa mbele yetu yakaanguka kimo cha mita 50 hivi.

Sasa maporomoko hutembeaje? Siri iko kwenye mwamba. Tabaka la juu ni mawe ya chokaa, magumu. La chini ni mawe ya mchanga, laini kiasi kwamba ukiyakwaruza kwa kucha yanapukutika. Maji yakianguka huyala yale laini. Chokaa hubaki ikining'inia, kama paa ambalo nguzo zake zimeliwa na mchwa, hadi siku inapokatika na kuporomoka. Hapo maporomoko yamepiga hatua moja kuelekea mto unakotoka. Kwa wastani yalisogea zaidi kidogo ya mita moja kila mwaka.

Yakasogea hadi Mississippi unapokutana na Mto Minnesota. Wadakota, wenyeji wa nchi hii, wanapaita Bdote, na kwao ni mahali patakatifu. Hapa nawaomba tusimame. Baada ya vita vya mwaka 1862 kati yao na Marekani, Wadakota wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walifungiwa kambini chini ya ngome ya Fort Snelling kipindi chote cha baridi kali. Wengi walikufa kwa maradhi. Mkija kupiga picha hapa, mjue hivyo.

Kutoka hapo maporomoko yaligeukia kaskazini, yakachonga bonde refu lenye kingo za mwamba. Yalipopita mahali kijito cha Minnehaha kinapoingia mtoni, mto ulishuka chini na kijito kikabaki juu. Kingefanya nini? Kiliruka! Ndivyo yalivyozaliwa maporomoko ya Minnehaha, yenye kimo cha mita 16 hivi. Kwa macho yangu, hakuna mahali pazuri zaidi katika miji hii miwili, hasa Januari, yanapoganda na kuwa pazia la barafu.

Tunapanda na bonde. Yale maghorofa marefu yenye vibao vya rangi ni ya Cedar-Riverside, makazi ya Wasomali wengi na Waoromo. Baadhi yao walipitia Kenya kabla ya kufika huku, kwa hiyo msishangae mkisalimiwa kwa Kiswahili.

Na hatimaye tumefika kwenye maporomoko yenyewe, katikati ya Minneapolis. Wadakota huyaita Owámniyomni. Mwaka 1680 padri Louis Hennepin aliyapa jina la Mtakatifu Antoni, na ndilo lililoandikwa kwenye ramani. Kisha wakaja wenye vinu. Nguvu ya maji haya ilisaga ngano ya tambarare za nchi hii, na kuanzia 1880, kwa miaka 50 hivi, hakuna mji duniani uliosaga unga mwingi kuliko Minneapolis. Unga wenyewe ulikuwa hatari: vumbi lake likijaa hewani na kupata cheche, hulipuka. Mwaka 1878 kinu cha Washburn A kililipuka, watu 18 wakafa. Kilijengwa upya, na kuta zake sasa ni za jumba la makumbusho la Mill City. Ingieni.

Tamaa nusura iyaue maporomoko. Mwaka 1869 watu walichimba handaki chini ya mto, maji yakapenya, mwamba ukaanza kubomoka. Ilibidi wahandisi wa jeshi wajenge ukuta chini ya ardhi, na maporomoko yakafunikwa kwa mteremko wa mbao, baadaye wa zege. Ndiyo maana hayatembei tena. Watoto wa Jinja mnaelewa: maporomoko ya Ripon, pale Nile inapotoka Ziwa Victoria, yalizama bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954.

Hata kisiwa kitakatifu cha Wadakota kilichokuwa hapa chini kilichimbwa mawe, na mabaki yake yakaondolewa ili meli zipite. Njia hiyo ya meli imefungwa tangu 2015, kuzuia samaki wageni waharibifu wasipande kaskazini. Sasa taasisi ya Wadakota, Owámniyomni Okhódayapi, inajiandaa kurudisha mimea ya asili kando ya maporomoko, jambo linalonifurahisha sana.

Yatazameni maporomoko mkiwa juu ya Stone Arch, daraja la mawe la mwaka 1883 ambalo zamani lilipitisha treni na leo ni la waendao kwa miguu na baiskeli. Njooni Aprili, theluji inapoyeyuka na mto kufurika. Leteni na makoti, kwa sababu manyunyu hufika hadi darajani.