Gari Linapogonga Kwenye Kona

Miongoni mwa milio ambayo gari hutoa, ule wa tak-tak-tak unaosikika upande wa mbele usukani unapokatwa, kisha ukanyamaza mara gari linaponyooka, ni rahisi kuutambua kuliko mingine mingi, kwa kuwa katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama vile Toyota Vitz, Passo na IST, mara nyingi hutoka mahali pamoja: kwenye sivi jointi ya nje, yaani kiungio kinachounganisha gurudumu na shafti itokayo kwenye giaboksi.

Kiungio hicho kimepewa kazi ngumu, kwani gurudumu la mbele huzunguka, hupanda na kushuka kwa kufuata mashimo ya barabara, na papo hapo hugeuka kushoto na kulia kwa amri ya usukani. Kiungio cha msalaba, kama kile cha propela shafti ya lori, nacho hupinda, lakini kadiri pembe inavyoongezeka ndivyo kinavyozungusha kwa kusitasita, mara upesi mara polepole ndani ya mzunguko mmoja. Tatizo hilo lilitatuliwa nchini Marekani katika miaka ya 1920 na mhandisi Alfred Rzeppa, ingawa kiungio chake kilienea hasa baada ya mwaka 1959, pale Uingereza ilipotoa gari dogo la Mini lililosanifiwa na Alec Issigonis. Ndani ya kiungio hicho mna gololi sita za chuma zilizoshikwa na kizimba, zikiteleza katika mifereji iliyochongwa kwenye kitovu cha ndani na kwenye kikombe cha nje, nazo hupitisha nguvu kwa kasi ile ile hata shafti inapopinda nyuzi 45 hivi.

Gari linapokwenda moja kwa moja, gololi hizo husogea kidogo sana, ilhali kwenye kona kila moja huenda na kurudi ndani ya mfereji wake katika kila mzunguko wa gurudumu. Mfereji ukiwa umechimbika, gololi hutumbukia kwenye kishimo na kuchomoka tena, na mlio unaosikika ni wa chuma kugonga chuma. Ndiyo sababu mapigo hayo huongezeka kadiri gari linavyoongeza mwendo.

Chanzo cha uharibifu, hata hivyo, kwa kawaida si chuma bali ni buti, yaani raba yenye mikunjo kama ya mvukuto wa mhunzi, inayofunika kiungio na kuhifadhi grisi. Raba hiyo ikipasuka, grisi hurushwa nje na mzunguko na kuacha michirizi myeusi upande wa ndani wa rimu. Vumbi la kiangazi na tope la masika huingia mahali pake, yakachanganyika na mabaki ya grisi na kuwa kama msasa. Mlio huja mwisho kabisa, kwa hiyo dereva anayesubiri kuusikia ndipo aende gereji huwa amechelewa.

Uchunguzi hauhitaji mitambo. Kwanza nati za magurudumu zikazwe kwa spana, kwa sababu nati iliyolegea nayo hugonga, na kuikaza hakugharimu kitu. Kisha gari lipelekwe kwenye uwanja mtupu, vioo vishushwe, usukani ukatwe hadi mwisho, na gari lizungushwe polepole huku mafuta yakikanyagwa kidogo, kwanza upande mmoja kisha wa pili. Mafundi wengi husema jointi mbovu ni ile iliyo upande wa nje wa kona, ambako uzito wa gari huegemea, na mara nyingi husema kweli, lakini sauti husafiri katika chuma na kudanganya masikio. Ushahidi wa kutegemewa hupatikana gari likiwa juu ya stendi, si jeki peke yake, buti likimulikwa kwa tochi na kila mkunjo ukifunguliwa kwa vidole, kwani mipasuko hujificha humo. Mlio unaotokea gari limesimama na usukani ukizungushwa huelekeza zaidi kwenye beringi ya juu ya shokapu. Unaotokea kwenye matuta, kwenye stabilaiza linki. Na mtetemo wakati wa kuongeza kasi barabara ikiwa imenyooka, kwenye jointi ya ndani.

Buti likiwa limepasuka na mlio haujaanza, jointi hufunguliwa, ikaoshwa na kukaushwa, ikajazwa grisi nyeusi yenye molibdenamu, kisha ikavishwa buti jipya na klipu mpya. Mlio ukishaanza, dawa ni kubadilisha jointi. Kujaza grisi kwenye mifereji iliyochimbika ni kununua siku chache za ukimya. Jointi ya zamani ipelekwe dukani ili meno yake yahesabiwe, kwa kuwa magari ya jina moja huweza kutofautiana kwa meno mawili au matatu, na kama ina pete ya ABS, mpya nayo iwe nayo. Shafti nzima ya mtumba si chaguo baya, mradi raba zake zichunguzwe kwa makini kuliko chuma chake. Nati kubwa ya katikati ya gurudumu ikazwe kwa spana ya kipimo kulingana na kiwango cha mtengenezaji, si kwa kukisia, na mafuta ya giaboksi yakaguliwe, kwa maana shafti inapochomolewa baadhi yake humwagika.

Jointi iliyopuuzwa huweza hatimaye kukatika, na hapo injini hunguruma bila gari kusogea, kwa sababu nguvu yote hukimbilia upande uliokatika. Hata gia ya P haiwezi tena kulizuia gari hilo kwenye mteremko: ni breki ya mkono, na jiwe nyuma ya tairi.