Msasa Mwororo kwa Mfano wa Liemba

Neno "msasa" lilikuwa jina la mti kabla ya kuwa jina la karatasi. Mti huo ni wa jamii ya mikuyu, na majani yake yamejaa vinyweleo vifupi vigumu, hata ukipitisha kidole wahisi kama umelambwa na paka. Mafundi wa zamani walisugulia mbao kwa majani hayo, na karatasi za dukani zilipokuja zikapewa jina lile lile. Naeleza haya kwa sababu wenzangu bwenini huniuliza kwa nini nahangaika kutafuta msasa, ilhali kila duka la vifaa vya ujenzi hapa Kigoma linauza.

Sisi wanafunzi watano wa kidato cha nne tunachonga mfano wa meli Liemba. Meli yenyewe iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza walizipaka injini grisi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikasafiri tena kwa jina la Liemba. (Fundi aliyepaka grisi ile alistahili sanamu!) Urefu wake ni kama mita 71. Mfano wetu ni wa kipimo cha 1 kwa 100, basi ni sentimita 71. Gogo la mninga tulilonalo ni moja tu, na mwezi wa Novemba tutafanya mtihani na kuondoka. Hatuna gogo jingine wala muhula mwingine.

Sasa tazama hesabu. Chembe za msasa namba 80 zina unene wa kama milimita 0.2. Katika mfano wetu, mkwaruzo wa upana huo ni sawa na mfereji wa sentimita 2 ubavuni mwa meli ya kweli. Namba 400 ina chembe za milimita 0.035, yaani mfereji wa milimita tatu na nusu. Namba 2000 ni milimita 0.01, nao huo haumsumbui mtazamaji. Kwa hiyo namba ikizidi kuwa kubwa, msasa huzidi kuwa mwororo. Wengi hudhani ni kinyume.

Madukani tulipata namba 60, 80 na 120, ambazo zafaa milango na vitanda. Zile za juu tulizipata kwa wapaka rangi wa magari. Wao hutumia "msasa wa maji", karatasi nyeusi yenye chembe za silikoni kabaidi, kitu kigumu sana alichokigundua Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891. Fundi mmoja alitupa vipande vilivyobaki vya namba 400, 1000 na 2000, vya ukubwa wa kiganja, navyo vyatutosha. Lakini angalia: usitie maji kwenye mti mtupu, maana nyuzi zake huvimba na kusimama. Sugua kavu kwanza, paka vanishi, ngoja ikauke kabisa, ndipo utumie maji. Wala usiruke kutoka 120 hadi 1000, kwani utasugua siku nzima na mikwaruzo ya kwanza itabaki pale pale.

Kwa pembe za ndani, karibu na dohani na madirisha, karatasi huvunjika. Hapo alitusaidia seremala mzee wa Ujiji. Tulipomwamkia na kumweleza shida yetu, alisema, "Wajukuu zangu, jani la msasa mnalijua? Likaushe kivulini, kisha lilowekwe kidogo lipate kupinda." Tulijaribu, na kweli lapinda bila kuvunjika. Ila jani moja halidumu, hivyo chuma mengi.

Mchanga wa ziwani usijaribu. Chembe zake hazilingani, na moja kubwa yatosha kuharibu kazi ya juma zima. Unga wa tofali la kuchoma ni bora, lakini sharti uchujwe kwa maji. Tia unga katika chupa ya maji, koroga, ngoja dakika 5, halafu vuta kwa mpira sentimita 10 za juu tu. Chembe yenye unene wa milimita 0.02 huzama kiasi hicho kwa muda huo, basi zote zilizo kubwa zaidi zimekwisha kushuka. Maji uliyovuta yaache mpaka kesho yake; tope litakalotua chini ndilo la kung'arishia, kwa kitambaa cha pamba. Hatua ya mwisho twatumia dawa ya meno.

Tunaposugua kavu tunakaa nje na kufunga kitambaa puani, kwa kuwa vumbi la mninga huwasha kifua. Ubavu wa kulia umekwisha, na taa ya darasani yaonekana ndani yake. Wa kushoto uko namba 400.