Kuihuisha Kompyuta Kuukuu kwa Diski Ndogo ya SSD

Ndugu mwanachuo, utakapopangiwa shule huenda ukakuta ofisini kompyuta kuukuu iliyofunikwa kitambaa. Ukiiwasha, hungoja hata ukachoka. Na katika kipindi cha dakika 40, dakika 7 za kungoja si jambo dogo. Wengi husema mashine imezeeka akili, wakaitupa stoo. Sisi twaona uamuzi huo ni wa haraka mno, kwani mara nyingi kilichozeeka si akili bali miguu, yaani diski.

Diski ya zamani ina sahani izungukayo na mkono wa kusomea. Sahani ikizunguka mara 7,200 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3 hivi, kwa hiyo hata mkono ukishafika mahali pake, hungoja kwa wastani milisekunde 4 na ushei. Muda huo ni mdogo, lakini kompyuta inapowashwa husoma maelfu ya vipande vilivyotawanyika, na kila kipande kina safari yake. SSD haina kizungukacho. Taarifa zimo ndani ya chipu, nayo hukifikia kipande chochote kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde.

Jambo hili lafundishika bila umeme. Mwagize mwanafunzi akuletee madaftari 10 kutoka kabati la nyuma ya darasa, moja moja, kwa majina utakayoyataja ovyo. Kisha yapange mezani mbele yake, utaje tena. Darasa lihesabu sekunde kwa sauti. Watoto wataona wenyewe kwamba mwenzao hakuongeza akili. Amepunguziwa mwendo tu. (Usimchague mkimbiaji hodari, ataharibu somo.)

Diski ya gigabaiti 120 yatosha kwa mfumo endeshi na programu za kawaida za ofisi. Kabla ya kununua, fungua kasha utazame waya wa diski. Ukiwa mwembamba, wa aina ya SATA, SSD ya kawaida ya inchi 2.5 itaingia, ukiwa utepe mpana wa pini 40, usinunue. SATA ya kwanza kabisa hupitisha megabaiti 150 tu kwa sekunde, lakini hilo lisikuvunje moyo, maana faida kubwa imo katika kupungua kwa kungoja. Tena, SSD haiongezi kumbukumbu: mashine yenye gigabaiti 1 itaendelea kulemewa.

Sasa hatari. Programu ya kunakili diski huuliza ipi ni chanzo na ipi ni mapokeo. Sisi wenyewe tuliwahi kuyageuza majibu hayo, tukainakili diski tupu juu ya diski iliyojaa. Alama za mazoezi ya kufundisha za muhula mzima zilipotea, ikatubidi kuwaomba wanachuo watuletee karatasi zao. Na waliozipoteza tulishindwa kuwatendea haki. Tangu hapo hatushiki bisibisi kabla ya kuweka nakala ya akiba mahali pengine, na diski zote mbili tunazibandika karatasi yenye jina.

Kazi ikiisha, diski ya zamani usiitupe. Kama kompyuta ni ya mezani na ina tundu la pili la SATA, irudishe iwe ghala la nyaraka, kisha katika mipangilio ya kuwasha itangulize SSD.