Ukitoa Damu, Mwili Huijaza Vipi?

Katika kila zoezi la kuchangisha damu, wahudumu wa afya hukutana na swali lile lile: "Nikitoa damu yangu, si nitaishiwa?" Hofu hiyo huwarudisha wengi nyumbani bila kuchangia, ilhali wodini kuna mama aliyevuja damu nyingi akijifungua, au mtoto aliyepungukiwa na damu kwa sababu ya malaria kali. Jibu la swali hilo limo ndani ya mifupa yetu.

Damu hutengenezwa katika uboho, ule ute laini ulio ndani ya mifupa kama ya nyonga, kifua na uti wa mgongo. Humo mna seli chache mno ziitwazo seli shina. Kutokana nazo hupatikana seli nyekundu zinazosafirisha oksijeni, seli nyeupe zinazopambana na maradhi, na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda mtu anapojeruhiwa. Seli nyekundu huishi takriban siku 120 pekee, hivyo uboho wa mtu mzima hutengeneza mpya zipatazo milioni 2 kila sekunde.

Mbona basi seli shina zenyewe haziishi? Mkulima mwenye busara hapeleki mahindi yote jikoni. Hutenga mbegu za msimu ujao. Vivyo hivyo, seli shina inapogawanyika, moja inaweza kuendelea kukomaa iwe damu, na nyingine ibaki shina kama ile ya kwanza. Zote zikikomaa, ghala litabaki tupu. Nazo seli changa zikizaana ovyo bila kukomaa, jinsi inavyotokea katika baadhi ya saratani za damu, mwili hukosa damu yenye afya.

Mizani hii hulindwa kwa njia mbili. Kwanza, seli jirani katika uboho hutoa kemikali zinazozituliza seli shina. Nyingi hukaa muda mrefu bila kugawanyika, na utulivu huo huzikinga zisichakae mapema. Pili, kazi ya kila siku hufanywa na seli za kati, ambazo tayari zimeanza safari ya kukomaa. Damu ikipungua, figo hutambua kwamba oksijeni imeshuka na kutoa homoni iitwayo erithropoietini. Homoni hiyo huzichochea seli za kati kuzalisha seli nyekundu zaidi, na akiba ya mbegu hubaki salama.

Mchangiaji hutoa takriban mililita 450, kati ya lita 5 hivi alizo nazo mtu mzima. Maji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili. Seli nyekundu huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana mwanamume hungoja miezi 3 kabla ya kuchangia tena, na mwanamke miezi 4. Katika muda huo, kula vyakula vyenye madini ya chuma kama vile maharagwe, nyama, dagaa na mboga za kienyeji, na usinywe chai pamoja na mlo, kwani hupunguza chuma kinachoingia mwilini.

Ikiwa una umri wa kati ya miaka 16 na 65, una uzani wa kilo 50 au zaidi na una afya njema, fika kwenye kituo cha kuchangia damu kilicho karibu nawe. Utapimwa kwanza kiwango cha damu. Utakachotoa kitajazwa tena. Anayekisubiri wodini huenda hana njia nyingine.