Ujirani wa Magurudumu: Msimu wa Baridi Katika Jangwa la Quartzsite

Quartzsite ni mji mdogo ulio jangwani, magharibi mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, mwendo mfupi wa gari kutoka Mto Colorado. Sensa ya mwaka 2020 haikukuta hata wakazi 2,500. Kiangazi joto lake hupita nyuzi 43 za Selsiasi, na anayeweza kuondoka huondoka. Lakini theluji ikianza kuanguka Kanada na katika majimbo ya kaskazini, barabara kuu namba 10 hujaa magari marefu yenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Ikifika Januari, nyika inayouzunguka mji huo huwa imejaa nyumba za magurudumu kwa maelfu. Wamarekani huwaita wenye magari hayo ndege wa theluji. Wengi ni wastaafu. Wengine hawana nyumba nyingine popote. Anayewatazama kwa mbali huona watu walioukimbia ujirani, kwa kuwa mtu mwenye nyumba ya magurudumu, akichoshwa na jirani, huwasha injini akaenda zake. Naona ni kinyume chake. Uhuru huo wa kuondoka ndio uliowafanya watu hawa watunge adabu za ujirani zilizo makini kuliko za mitaa mingi waliyoiacha.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana ndiyo inayolea desturi. Sehemu kubwa ya nyika hiyo ni mali ya serikali kuu, chini ya idara ya usimamizi wa ardhi inayojulikana kwa kifupi BLM. Kwenye maeneo mengi mtu hupiga kambi bila malipo, kwa sharti kwamba asizidishe siku 14 mahali pamoja. Kwa wanaotaka kukaa zaidi, idara ilianzisha mwaka 1983 mpango wa maeneo ya wageni wa muda mrefu, na eneo la La Posa, kusini kidogo ya mji, ni mojawapo. Kwa miaka mingi kibali cha msimu mzima, kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, kilikuwa dola 180. Kwa kibali hicho mkazi hupata maji ya bomba la pamoja, mahali pa kutupa taka na mahali pa kumwaga maji machafu. Hapati umeme, wala bomba la kufika mlangoni, wala kiwanja chenye namba. Hakuna uzio wala mstari uliochorwa chini. Sheria husema kwamba magari yasikaribiane kwa chini ya futi 15, yaani mita nne na nusu hivi, na kwamba kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri pawe kimya. Mengine wameachiwa wenyewe.

Na hayo waliyoachiwa ndiyo mengi. Mita nne na nusu ni za kisheria. Za heshima ni nyingi zaidi. Anayefika jioni akakuta nyika tupu pande zote, kisha akaegesha ubavuni mwa mwenzake, amefanya jambo linalofanana na kuingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Mwenye adabu hutafuta umbali wa kuwaachia wenzake faragha, na jenereta yake huigeuza ili moshi na kelele zisiwaelekee. Ndiyo sababu sola zinapendwa jangwani humo: jua halipigi kelele. Tena kuna lugha ya viti. Kiti kikiwa nje chini ya turubai, na mwenyewe amekikalia, mpita njia anaweza kusimama akasalimu. Mlango ukiwa umefungwa na pazia limeshushwa, mwenyewe huachwa apumzike. Msomaji wa pwani yetu ataielewa hali hii haraka akikumbuka baraza: mahali palipo nje ya nyumba lakini bado ni pa nyumba, ambapo mgeni hupokewa bila kuingizwa ndani na mwenyeji huzungumza bila kuwa ameualika mji mzima. Turubai la pembeni mwa gari hufanya kazi hiyohiyo. Jua likishuka, viti hubebwa hadi penye moto, kila mtu na chake, na mazungumzo huwa ya barabara, matairi, betri na wajukuu. Aghalabu watu hujuana kwa jina la kwanza tu. Kumchimba mtu alikuwa na cheo gani kazini, au kwa nini anasafiri peke yake, huonekana ni utovu wa adabu. Atayasema mwenyewe akitaka.

Kuna pia uhaba, nao ni mwalimu mkubwa wa mila. Kambi isiyo na bomba humfanya mtu apime kila lita. Vyombo huoshwa katika beseni dogo, na kuoga kwa pupa humaliza tangi. Kwa hiyo anayekwenda mjini kumwaga maji machafu huwauliza jirani zake kama wanahitaji maji, gesi au dawa. Matibabu ya meno ni ghali mno Marekani, na wengi husafiri kusini hadi Los Algodones, mji wa Meksiko ulio mpakani karibu na Yuma, wakajazana katika gari moja ili kugawana mafuta. Mlo wa pamoja nao una kanuni zake: kila mmoja huja na chungu, sahani na kiti chake, ili asiwepo mwenyeji mmoja wa kubebeshwa gharama wala kuwaoshea wote vyombo. Dorothy na David Counts, mtu na mkewe, wote wanaanthropolojia, walikuwa wamefanya utafiti wao kwa miaka huko Papua New Guinea kabla ya kugeukia wazee wa Amerika Kaskazini wanaoishi katika magari. Kitabu chao kilitoka mwaka 1996, na ndani yake walionyesha kwamba kugawana chakula na kusaidiana ndiko kunakowageuza wageni hawa kuwa jamii. Macho yaliyozoea kuona zawadi zikijenga udugu visiwani yalitambua kazi hiyohiyo katika chungu cha maharage jangwani.

Pingamizi la kwanza, nalo ni zito, ni kwamba huku ni kuipamba shida. Mwandishi Jessica Bruder, katika kitabu chake Nomadland cha mwaka 2017 ambacho baadaye Chloé Zhao alikitengenezea filamu, aliwafuatilia wazee ambao pensheni yao haikutosha kulipa kodi ya nyumba, wengi wakiwa wameangushwa na msukosuko wa fedha wa mwaka 2008. Hao walikuwa wakivuna viazisukari majira ya vuli, wakifungasha bidhaa kwenye maghala kabla ya Krismasi, na wakiangalia kambi za watalii kiangazi. Jangwa kwao lilikuwa mapumziko kati ya kibarua na kibarua. Nakubali yote haya, na ni aibu kwa taifa tajiri kwamba mama wa miaka sabini alale garini kwa kukosa kodi. Lakini ufukara unaeleza kwa nini mtu yuko pale. Hauelezi anavyoishi na jirani yake. Ushahidi upo katika mkusanyiko uitwao Rubber Tramp Rendezvous, ulioanzishwa na Bob Wells karibu na Quartzsite kwa ajili ya wanaoishi kwenye magari kwa fedha kidogo. Ulianza na magari machache, ukaja kuvuta maelfu ya watu ndani ya muongo mmoja. Humo mafunzo ni bure: namna ya kulala mjini bila kusumbuliwa, kufunga sola, kupanga matumizi ya mwezi. Tena hutandikwa turubai chini, mwenye ziada akaweka na mwenye haja akachukua bila kuulizwa neno. Walionyang'anywa karibu kila kitu wangeweza kuwa wakali na wachoyo, na wasingelaumiwa sana. Wamechagua kutandika turubai.

Wengine watasema kwamba jamii isiyo na watoto, wagonjwa wala makaburi ni kambi tu, haina mila. Kuhusu watoto wana haki. Nyika hii ni ya wazee, na wengi wao ni Wazungu, jambo linaloipunguzia upana. Kuhusu wagonjwa, waangalie chama cha Escapees, kilichoasisiwa mwaka 1978 na Joe na Kay Peterson. Makao yake yapo Livingston, Texas, ambako wanachama wasio na nyumba hupokelea barua. Hapohapo kuna kituo cha kuwahudumia wanachama waliodhoofika kwa uzee au maradhi, wakiendelea kulala katika magari yao. Watu waliokutana barabarani wamejijengea mahali pa kuuguzana, na hilo jamii nyingi zenye mizizi zimeshindwa.

Na kaburi lipo. Mwaka 1856 jeshi la Marekani lilileta ngamia kuwajaribu jangwani, na pamoja nao wachunga ngamia kutoka dola ya Uthmaniya, akiwemo Haji Ali. Ndimi za Wamarekani zilishindwa na jina lake, wakamwita Hi Jolly. Ngamia waliachwa, yeye akabaki, akafariki Quartzsite mwaka 1902. Juu ya kaburi lake kuna piramidi ya mawe yenye umbo la ngamia kileleni, na ni alama maarufu ya mji huo. Mji uliomchagua mpita njia kuwa mzee wake hauwezi kuambiwa haujui kuwapa wapita njia nafasi ya kudumu.

Aprili joto hurudi, na magari huelekea kaskazini. Kanuni humtaka kila mmoja aondoke na taka zake, na walio waungwana huokota hata za aliyetangulia. Kinachoachwa ni duara za mawe yaliyozunguka moto, zimetapakaa nyikani kote bila jina la mtu. Msimu ukirudi, atakayefika kwanza ataikuta duara, atashusha kiti chake kando yake, na atawasha kuni alizokuja nazo.