Dawa ya Josho Si ya Kitandani

Leo tuzungumze juu ya wadudu wa nyumbani: kunguni, viroboto na utitiri wa kuku. Wadudu hawa hutunyima usingizi. Kuku nao hudhoofu na kupunguza kutaga.

Baadhi yetu tukichoka kuumwa, tunachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe na kuinyunyiza kitandani. Wengine humpaka mtoto kichwani ili chawa wafe. Hiyo ni hatari. Dawa ya josho ni sumu. Hupita kwenye ngozi na kuingia mwilini. Mtoto ana mwili mdogo, kwa hiyo sumu kidogo tu yaweza kumwua.

Tunazo njia nyingine, na vifaa vyake vimo jikoni mwetu.

1. Kunguni. Toa kitanda nje. Mwagia maji yanayochemka kwenye kamba, nyufa na maungio. Chemsha mashuka. Ziba nyufa za ukuta kwa udongo. Rudia kila wiki kwa wiki nne, kwa sababu mayai yaliyobaki huanguliwa baadaye.

2. Viroboto vya mbwa. Mwogeshe mbwa kwa maji na sabuni ya kufulia. Anza kumpaka povu shingoni, ili viroboto wasikimbilie kichwani. Kisha paka mwili wote na kumsuuza vizuri. Mayai ya viroboto huanguka sakafuni. Kwa hiyo fagia kila siku pale anapolala mbwa, na choma takataka hizo. Kama sakafu ni ya udongo, nyunyiza maji kwanza ili vumbi lisiruke.

3. Utitiri wa kuku. Chekecha majivu ya kuni yaliyopoa. Changanya na mchanga mkavu, kiasi sawa kwa sawa. Weka katika karai kuukuu, mahali pasiponyeshewa mvua. Kuku wataoga humo wenyewe. Vumbi hilo laini huwakausha wadudu. Safisha banda kila wiki. Usitumie majivu ya plastiki au ya mbao zilizopakwa rangi.

Je, dawa ya josho tuitupe? Hapana. Ng'ombe wanaihitaji, maana kupe huleta ndigana. Itumie kwa ng'ombe, kwa kipimo alichokuonyesha bwana mifugo. Iache katika chupa yake yenye maandishi, uifungie mbali na watoto. Usiitie kamwe katika chupa ya soda. Mtoto akiona chupa ya soda, atakunywa.

Mtu akimwagikiwa na dawa hiyo, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Akiinywa, usimtapishe. Usingoje aanze kutoka udenda, kutetemeka au kupumua kwa shida. Mpeleke zahanati mara moja, na uchukue chupa ya dawa ili mganga ajue ni sumu gani.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwahimiza wananchi wa Tanzania kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Wengi walianza kwa jembe na ufagio. Nasi tuanze kwa majivu, sabuni na maji ya moto.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini tunarudia kumwagia kitanda maji ya moto kila wiki?
2. Nyumbani kwako dawa ya josho imewekwa wapi? Je, mtoto aweza kuifikia?